Tulivyojenga Nyumba ya Mawe Huko Kasaji

Katika nchi yetu ya Lualaba kuna majira mawili yanayoijaribu nyumba ya mtu. Majira ya kwanza ni ya Juni na Julai, wakati wa kiangazi cha baridi, ambapo usiku upepo wa uwanda hupenya kila tundu, na asubuhi watoto huenda shuleni wamekunja mikono vifuani. Majira ya pili ni ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, ambapo bati huchoma kama kikaango, na mtu akiingia nyumbani saa tisa alasiri hutamani kurudi nje chini ya mwembe. Nyumba iliyojengwa vibaya hushindwa mara mbili kila mwaka: huwa baridi wakati wa baridi, na huwa moto wakati wa joto.

Sisi tulikaa miaka mingi katika nyumba ya namna hiyo hapa Kasaji. Kuta zake zilikuwa nyembamba, bati lake halikuwa na dari, na madirisha yake yalitazama machweo ya jua. Usiku mmoja wa Julai tulifanya jambo ambalo familia nyingi hufanya: tuliingiza mbabula yenye makaa mekundu katika chumba cha watoto, tukafunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Usiku wa manane Mama wa watoto aliamka kichwa kikimgonga. Akaenda kuwatazama watoto, akawakuta wawili wakitapika, na wa tatu hakuamka alipoitwa. Tuliwabeba wote nje, katika baridi ile ile tuliyoikimbia, na kwa neema ya Mungu hewa safi iliwarudishia nguvu. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini bila kuwaonya.

Asubuhi yake tulikata shauri. Fedha tulizoweka akiba kwa miaka ya kufundisha zingejenga nyumba moja tu, wala si mbili. Basi nyumba hiyo ilipaswa kujengwa hivi kwamba mbabula isiingie tena chumbani. Tunaandika habari hii ili wazazi wanaofikiri kujenga wapate kujifunza kutoka katika mambo tuliyoyafanya vema, na zaidi kutoka katika lile tulilolifanya vibaya.

Nguvu za umeme na nguvu za jua

Mtu aweza kutuuliza: Kwa nini kujisumbua na mawe na kuta nene? Si umeme utakuja siku moja, ukaleta joto na baridi kwa kubonyeza kidude ukutani?

Twaishi katika nchi ya ajabu. Mto Lualaba umezuiwa kwa mabwawa ya Nzilo na Nseke tangu miaka ya 1950, nao umeme wake ulikusudiwa kwanza migodi na viwanda vya shaba. Tangu miaka ya 1980 waya mkubwa wenye urefu wa kilometa 1,700 hivi waleta umeme mwingine kutoka Inga, upande wa bahari, mpaka Kolwezi, ukipita juu ya vijiji vingi ambavyo havipati hata taa moja. Katika Kongo nzima, takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayejenga nyumba mbaya akitumaini kuiponya baadaye kwa mashine, huyo ajidanganya. Ataiponya kwa makaa, na makaa hayo ni miti ya msitu wetu, ambayo kila mwaka wakataji huifuata mbali zaidi.

Lakini jua tunalo, tena bila bei. Ukuta mnene wa mawe au wa udongo hupokea joto la mchana polepole, hulihifadhi, kisha hulitoa polepole vilevile baada ya jua kutua. Ukuta wenye unene wa sentimeta 40 hivi huchelewesha joto kwa saa nyingi, hata likaingia ndani wakati ambapo nje kumekwisha kupoa. Babu zetu waliojenga kwa udongo mzito na kuezeka kwa manyasi walilijua jambo hili bila kulisoma kitabuni. Sisi wajukuu ndio tuliolisahau tulipoliona bati likimetameta.

Jiwe jekundu na udongo wa kichuguu

Uwanda wetu una jiwe jekundu lenye chuma ndani yake, ambalo wataalamu huliita lateriti. Jina hilo lina habari yake. Mskoti mmoja, Francis Buchanan, alisafiri kusini mwa India, akaona huko Malabar watu wakilikata jiwe hilo likiwa bado laini ardhini. Nalo likikaa hewani huwa gumu, likatumika kama tofali. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1807 alilipa jina litokalo katika neno la Kilatini later, maana yake tofali. Basi jiwe ambalo wengi wetu hulipiga teke njiani limejenga nyumba na mahekalu katika nchi nyingine kwa karne nyingi.

Mawe hayo tulichimba wenyewe pamoja na vibarua, tukayaacha juani yakauke na kushupaa. Tuliyatumia kwa msingi, kwa sehemu ya chini ya kuta zote hadi kimo cha dirisha, na kwa ukuta mzima wa magharibi, ambao hupigwa na jua kali la alasiri.

Kwa sehemu za juu za kuta nyingine tulitumia udongo wa kichuguu. Wageni wafikapo Katanga hushangaa kuona vichuguu vikubwa kama vilima, lakini wachache wajua umri wake. Mwaka 2015 wataalamu walitoa habari ya vichuguu vya mkoa wa Lubumbashi walivyovipima, wakaonyesha kwamba baadhi yake vimekuwapo kwa zaidi ya miaka 2,000. Mchwa walikuwa wakijenga hapa kabla ya Bwana wetu kuzaliwa Betlehemu. Udongo wao ni wa mfinyanzi, nao hushikamana sana. Ndiyo sababu wafyatuaji wa matofali huupenda.

Hatukuyachoma matofali yetu, kwa kuwa tanuri moja hula magogo mengi mno. Tuliazima mashine ya mkono ya kushindilia udongo. Mashine ya namna hii ilibuniwa na Raúl Ramírez katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, katika miaka ya 1950, nayo yajulikana kwa jina la CINVA-Ram. Udongo wenye unyevu kidogo hutiwa katika kisanduku cha chuma, mtu huvuta mkono wake mrefu kwa nguvu zote, na tofali hutoka limebanwa sawasawa.

Kabla ya kuanza tulijaribu udongo kwa chupa. Jaza chupa ya kioo udongo hadi theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, itikise, kisha iache siku nzima. Mchanga hutua kwanza, halafu vumbi laini, na mfinyanzi hukaa juu. Udongo wetu ulionyesha mfinyanzi mwingi mno, ambao hupasuka ukikauka. Hivyo tuliuchanganya na mchanga wa mtoni. Kwa kila sehemu 14 za mchanganyiko huo tulitia sehemu moja ya saruji. Saruji hutoka mbali na bei yake hupanda pamoja na nauli. Isitoshe, chokaa chake huchomwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi, kazi ilayo nishati nyingi sana. Kwa sababu hizo mbili tuliitumia kwa ubahili. Matofali tuliyafunika kwa manyasi yaliyoloweshwa, yakakaa wiki nne bila kuguswa. Mtu asiyeweza kungoja wiki nne asijenge kwa matofali ya namna hii.

Kupima kabla ya kuchimba

Kasaji iko yapata nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Maana yake, mwezi wa Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huvuka likakaa upande wa kusini, karibu na utosi. Katika Oktoba na Februari hupita juu ya vichwa vyetu kabisa. Asubuhi na jioni, mwaka mzima, hutupiga kutoka mashariki na magharibi kwa chini, ambako upenu hauwezi kulizuia.

Basi nyumba tuliilaza ikielekea mashariki na magharibi kwa urefu wake, ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Madirisha tuliyaweka katika pande hizo ndefu. Upande wa magharibi hatukuweka hata moja, na upande wa mashariki moja dogo tu. Vyumba vya kulala tuliviweka kaskazini, na ghala pembeni. Upenu tuliutokeza sentimeta 60. Adhuhuri ya Desemba kivuli chake hufunika dirisha zima la kusini. Lakini adhuhuri ya Juni kivuli cha kaskazini hushuka sentimeta 90 tu, na chini yake jua huingia chumbani wakati ule ule tunapolihitaji.

Kwa kupima pembe za msingi tulitumia kamba yenye mafundo. Pima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, na kamba ya kuunganisha ncha zake iwe meta 5 kamili; pembe hiyo itakuwa mraba bila kosa. Wanafunzi wanaosoma habari hii watalitambua fundisho la Pitagora. Mwashi wetu, mzee aliyejifunza kazi ujanani mwake katika karakana ya misioni, hakujua jina la Pitagora, lakini kamba yake ilikuwa na mafundo mahali panapotakiwa.

Mzee huyu alitufundisha sheria za ukuta wa mawe, nasi tuliziandika katika daftari la kazi. Jiwe lilazwe juu ya upande wake mpana. Kiungo kisikae juu ya kiungo. Mawe makubwa kuliko yote yawekwe pembeni, moja likilala huku na lifuatalo likilala kule. Jiwe kavu lilowekwe kabla ya kulazwa, lisije likanywa maji ya udongo ulioshikisha. Na katika kila meta ya mraba kuwe na jiwe refu angalau moja linalopita ukuta wote, kutoka uso wa nje hata uso wa ndani. Ukuta wa mawe kwa kweli ni kuta mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo. Jiwe la kupita ndilo linalozifunga zikawa kitu kimoja.

Kosa la ukuta wa magharibi

Msingi ulichimbwa mwezi wa Mei. Waashi walikuwa watatu, yaani Mzee pamoja na vijana wawili, na vibarua wanne. Tuliwalipa kwa kutwa. Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule, tulipita kiwanjani. Na kila alasiri tulirudi tukiwa na timazi, pimamaji na daftari. Kazi ilikwenda vema, lakini ilikwenda polepole. Julai ilipokwisha, kuta zilikuwa zimefika kiunoni tu.

Hapo tukaingiwa na hofu ya mvua. Tulihesabu majuma yaliyosalia hata Oktoba, tukaona hayatoshi. Ndipo tukafanya jambo lililoonekana kuwa la busara: tuliacha kulipa kwa kutwa, tukasema tutalipa kwa kila meta ya ukuta itakayosimama. Mzee alisikiliza, akasema:

“Mwalimu, jiwe halipendi kukimbizwa.”

Tulicheka, tukamjibu kwamba mvua nayo haipendi kungojwa. Siku mbili baadaye tulipanda lori kwenda Kolwezi kutafuta mabati na misumari. Tulidhani tutarudi baada ya siku nne. Barabara ya Mutshatsha ilituchelewesha, na mabati yalikuwa hayajafika dukani; tulirudi siku ya kumi na moja.

Tulipofika tulifurahi mno. Ukuta wa magharibi, ambao tuliuacha kiunoni, ulikuwa umepita kichwa cha mtu. Tuliwasifu waashi, tukalipa meta zote bila kutoa timazi mfukoni. Giza lilikuwa laingia, nasi tulikuwa tumechoka.

Kesho yake mwana wetu wa darasa la sita alikuwa akicheza kwa nyundo ndogo, akigonga mawe mmoja mmoja. Akatuita akasema, “Baba, mawe haya yajibu, na haya hayajibu.” Tuliugonga ukuta wenyewe. Chini, mahali tuliposimamia kazi, sauti ilikuwa kavu na nzito. Juu ya kiuno ililia kama mtungi. Tulishusha timazi: uso wa nje ulikuwa umetokeza tumbo kwa vidole vitatu. Tukang’oa jiwe moja, na ndani yake yakamwagika kokoto na udongo mkavu. Tulichungulia tukitafuta jiwe la kupita, hatukuona. Tulipima meta kwa meta, hatukuona hata moja.

Wasomaji wetu watafahamu hatari hiyo. Kuta mbili zisizofungwa pamoja huachana kidogo kidogo. Maji ya mvua huingia katikati, huufanya udongo uvimbe, na siku moja uso wa nje huanguka. Juu ya ukuta huo ndipo vichwa vya boriti vilipokusudiwa kukaa, na chini ya boriti hizo ndipo watoto walipokusudiwa kulala. Tulikuwa tumekimbia sumu ya makaa ili tuwalaze chini ya mawe.

Tulimwita Mzee pembeni. Hatukutaka kumwaibisha mbele ya vijana wake.

“Mzee,” tulisema, “wewe ndiwe uliyetufundisha jiwe la kupita. Liko wapi?”

Alitazama chini kwa muda, kisha akajibu: “Nililiona, Mwalimu. Vijana waliniuliza, Tukishinda asubuhi nzima tukitafuta jiwe refu, nani atatulipa asubuhi hiyo? Sikuwa na jibu. Wewe ulinunua meta, hukununua mawe.”

“Lakini wewe ni fundi. Kwa nini hukuwazuia?”

“Hilo ni kosa langu,” alisema, “nami nitalibeba. Lakini lako libebe wewe, mwanangu.”

Maneno hayo yalituchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Tulikuwa tumebadili namna ya kulipa, kisha tukaondoka, tukitumaini kwamba ubora wa kazi ungejisimamia wenyewe. Anayelipia haraka hupata haraka. Aliye kiongozi wa kazi, awe mwenye nyumba, awe mwalimu, awe mkubwa wa mgodi, hana haki ya kushangaa anapopewa kile alichokilipia.

Kubomoa

Usiku ule hatukulala mapema. Fedha zilizobaki zilikuwa za vioo vya madirisha na za rangi. Tulijaribu kujifariji kwamba huenda ukuta ungesimama miaka kumi, huenda ishirini. Kwamba tungeupaka lipu nene na hakuna mtu angejua. Mama wa watoto alitusikiliza mpaka tukaishiwa maneno, akauliza swali moja tu: “Kama lingekuwa darasa la watoto wa watu, ungeliacha?”

Asubuhi tuliwaita waashi wote, tukawaeleza mambo matatu. Kwanza, ukuta wa magharibi utabomolewa mpaka kimo cha kiuno. Pili, kosa ni letu na lao, basi gharama itakuwa yetu na yao: wao watatoa siku tatu za kubomoa bila malipo, nasi tutalipa siku zote za kujenga upya, kwa kutwa kama mwanzo, wala hatutawadai fedha za meta tulizokwisha kuwalipa. Tatu, siku ya kutafuta mawe marefu italipwa sawa na siku ya kujenga.

Kijana mmoja alikataa, akasema hawezi kubomoa bila ujira. Hatukubishana naye. Yeye pia alikuwa na watoto. Tulimlipa siku mbili zake zilizokuwa bado hazijalipwa, akaenda zake kwa amani. Maana ujira wa mtu usizuiwe hata siku moja kwa sababu ya hasira. Wa pili alibaki, na Mzee ndiye aliyeng’oa jiwe la kwanza kwa mkono wake.

Kazi ya kubomoa ilichukua siku tatu kamili. Siku mbili zilizofuata hatukulaza hata jiwe moja: watu wote walikwenda machimboni kutafuta mawe marefu, na siku ya Jumamosi wanafunzi kadhaa walikuja kusaidia kwa hiari. Mawe 22 yalipatikana, kila moja likiwa na urefu wa sentimeta 40 au kuzidi. Mzee aliyatia alama ya chokaa, na katika daftari tuliandika mahali pa kila moja. Tangu siku hiyo hatukulipa kazi ya juma lolote kabla ya kugonga, kupima na kuandika.

Fedha za vioo ndizo zilizoujenga ukuta huo mara ya pili. Madirisha yetu yana milango ya mbao mpaka leo, pamoja na wavu wa kuzuia mbu.

Mvua ya kwanza ilianguka wakati mabati sita yalikuwa bado hayajapigiliwa. Tulifunika vichwa vya kuta kwa manyasi na turubai, tukashinda usiku tukizishikilia kamba. Juu ya boriti, chini ya mabati, tulitandika dari ya mikeka ya matete, na katika pembetatu za kuta, mashariki na magharibi, tuliacha matundu yenye wavu ili hewa ya moto inayokusanyika chini ya bati ipate kutoka. Mabati nayo tuliyapaka rangi nyeupe, kwa kuwa nyeupe hurudisha jua.

Waliojenga kabla yetu

Tusidhani kwamba ni maskini tu wanaojenga hivyo kwa kukosa njia nyingine. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 ina kuta za mawe ya volkano, mawe ambayo wakulima wa huko waliyaona kuwa usumbufu shambani. Waashi wa mahali hapo walizoezwa kuyachonga na kuyapanga, hata leo wageni wa mbali huenda kuutazama ukuta wao. Na hewa ndani ya vyumba vya wagonjwa imepangwa ipite yenyewe kwa madirisha na matundu ya juu. Huko Harare, nchi ya Zimbabwe, msanifu wa majengo Mick Pearce alijenga jumba kubwa la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Alijifunza kutoka kwa kichuguu: kuta nzito hupozwa na hewa ya usiku, kisha hupoza vyumba mchana. Basi mchwa wetu wa Katanga wana wanafunzi hata mijini.

Siri ya nyumba ya namna hii iko pia katika kuitumia. Mwezi wa Oktoba sisi hufunga milango ya madirisha mchana kutwa, jua likiwa kali, kisha huifungua yote usiku ili hewa baridi ioshe kuta. Mwezi wa Juni hufanya kinyume: madirisha ya kaskazini hufunguliwa tangu saa nne asubuhi, na hufungwa kabla jua halijatua. Watoto ndio wenye zamu ya kazi hiyo, na atakayesahau atajua mwenyewe usiku.

Juni ya kwanza ilipofika, tuliogopa kidogo. Usiku wa baridi ya kwanza tuliamka saa tisa, tukaenda chumbani kwa watoto, tukaweka kiganja juu ya ukuta. Jiwe lilikuwa vuguvugu. Hatusemi kwamba baridi haikuwapo. Watoto walikuwa wamejifunika blanketi, na mmoja alikuwa amejikunja. Lakini walikuwa wakipumua hewa safi, na mbabula ilikuwa nje barazani, imezimika tangu chakula cha jioni. Majirani watuuliza tulinunua makaa kiasi gani mwaka ule. Tuliyanunua ya kupikia tu.

Mzee alipita kututembelea wakati huo huo. Hakukubali chai mpaka aliposhusha timazi lake juu ya ukuta wa magharibi, kisha akautazama upande wa ndani, ambako tuliacha ncha za mawe ya kupita zitokeze kidogo. Watoto walikuwa wametundika juu yake mifuko ya shule. Alizihesabu zote, ncha kwa ncha, akaketi.

Basi, wazazi wapendwa, mtakapojenga, jengeni kwanza kwa hesabu, kama Injili inavyotuonya habari za yule aliyeanza mnara asiweze kuumaliza. Lichunguzeni jua kabla ya kuuchimba msingi. Tumieni kile ambacho ardhi yenu inacho. Mlipeni fundi kwa namna itakayomruhusu kufanya kazi njema, tena kaeni karibu naye, maana daftari na timazi havisimamii kazi vikiwa mfukoni. Na mkigundua kosa ukutani, libomoeni wakati bado ni mawe tu.